Mto Uliohama Ijumaa

Jumatatu asubuhi, kabla hata hajaweka mkoba chini, Mama Pacha aliwasha kompyuta yake akakuta mto haupo.

Aliisogeza ramani juu, akaisogeza chini, akaikuza mpaka majani yakawa makubwa kama sahani. Pale palipokuwa na maji mapana, mitumbwi na wanawake wanaofua, sasa palikuwa na nyasi tupu. Katikati ya bonde ulikaa mlima, mkubwa, umejitanua kama mgeni aliyekalia kiti cha mwenye nyumba. Kilichobaki ni daraja tu. Matao yake saba yalisimama juu ya nyasi, hayavushi mtu wala mbuzi.

"Nani amegusa bonde langu?" aliuliza.

Chumbani mlikuwa na meza sita na hakuna meza iliyojibu. Fundi wa sauti, ambaye kwa kawaida huwa na neno kwa kila jambo, alivaa hedifoni zake taratibu akaanza kutikisa kichwa kwa muziki ambao Mama Pacha alikuwa na hakika haupo.

Kampuni yenyewe ilikuwa ndogo, imepanga ghorofa ya pili juu ya duka la miwani, na kazi yake ni kutengeneza michezo ya kompyuta. Mchezo waliokuwa nao mkononi ulikuwa na nchi ya kubuni yenye majimbo tisa. Mchezaji huingia humo akatembea anakotaka, akakutana na watu, mazimwi na mikasa. Majimbo sita yalikuwa yamekwisha. La saba ndilo hilo Bonde. Kila jimbo lilikuwa na wazazi wawili: mmoja hutengeneza ardhi, yaani milima, mito, udongo na mahali mvua inaponyesha, mwingine hutengeneza watu, wanasalimianaje, wanaoanaje, wanaogopa nini, wanazikana wapi. Mama Pacha, aliyefundisha historia sekondari miaka kumi na moja kabla ya kuchoka na chaki, alikuwa mtu wa watu. Mtu wa ardhi alikuwa wifi yake.

Hapo ndipo kitumbua kilipoingia mchanga. Wifi huyo, dada pekee wa mumewe, ndiye aliyeitwa Milima pale ofisini, kwa sababu jimbo la kwanza alilolichora lilikuwa na milima mingi hata wachezaji waliokwenda kulijaribu walirudi wakilalamikia vidole. Na aliyemletea kazi hiyo ni Mama Pacha mwenyewe, kwa mdomo wake mwenyewe, akimsifu kwa bosi mbele ya watu. Mtu hujichimbia shimo akiwa anacheka.

Alikwenda mpaka kwenye meza ya dirishani.

"Wifi, mto wangu uko wapi?"

Milima hakugeuka mara moja. Alimalizia kwanza kupanda miti mitatu kwenye skrini.

"Nimeuhamishia mashariki, nyuma ya mlima."

"Na mlima umetoka wapi?"

"Bosi aliutaka. Alikuja Ijumaa mchana, wewe ulishaondoka kuwachukua watoto. Anataka mchezaji akiingia tu, auone. Sasa mlima ukikaa pale, mto hauwezi kupita pale. Maji hayapandi, wifi. Ningeuacha ungekuwa mto wa uongo."

"Nchi nzima hii ni ya uongo."

"Nchi ni ya uongo. Maji si ya uongo."

Mama Pacha alivuta pumzi kupitia puani. "Na ukaona usiniambie."

"Nilikwambia."

"Uliniambia wapi?"

"Kwenye kundi la familia."

Kundi la familia lilikuwa na watu arobaini na watatu, na Mama Pacha alikuwa amelinyamazisha tangu baba mdogo mmoja alipogundua namna ya kurekodi sauti. Katika ukoo ule, kulinyamazisha kundi halikuwa kosa dogo. Mama mkwe aliwahesabu walioitikia salamu yake ya asubuhi na waliokaa kimya, na hesabu yake hakuisahau. Kwa hiyo kusema "sikuona" kungekuwa kukiri.

"Aha," alisema. "Kumbe."

Alitoka akasimama kwenye ngazi, akafungua simu. Ilikuwa kweli. Katikati ya picha ya jino la kwanza la mtoto wa binamu na maneno ya dakika saba ya baba mdogo, ulikuwepo ujumbe wa Ijumaa saa kumi: *Wifi, mto wa Bonde nimeuhamisha. Tutaongea.* Chini yake mama mkwe ameandika: *Poleni sana wanangu, Mungu awatangulie.* Chini ya mama mkwe, ndugu tisa, mmoja baada ya mwingine, wamesema poleni. Mmoja tu ndiye aliyeuliza mto gani, na hakujibiwa.

Bosi aliingia saa nne. Alikuwa mtu mpole, na upole wake ndio uliochosha, maana kumgombeza ilikuwa kama kupiga ngumi mto wa kulalia. Neno lake kubwa lilikuwa "marekebisho madogo tu."

"Bosi," alisema Mama Pacha, "watu wa Bonde wanaitwa Wavukaji. Wanaishi kando mbili za mto mmoja. Wakikutana wanaulizana, 'Umevuka?' Mwingine anajibu, 'Nimevuka.' Binti wa huku haolewi huku, anaolewa ng'ambo. Watu wawili wakigombana wanapelekwa katikati ya daraja, wanasimama hapo bila kula wala kunywa mpaka wapatane, kwa sababu katikati ya daraja si kwa mtu. Wiki tatu nimeandika. Sasa watavuka nini?"

Bosi aliutazama mlima kwenye skrini kwa upendo. "Wahamishie kwenye mto mpya."

"Huko ni korongo," alisema Milima bila kuulizwa. "Kuta zimesimama wima. Hata mbuzi angefikiri mara mbili."

"Basi wawe na desturi nyingine. Wawe wapiganaji."

"Majimbo yote sita ni ya wapiganaji," alisema Mama Pacha. "Tuna wapiganaji wa msituni, wapiganaji wa mchangani, na wale wenye mikia."

"Wenye mikia wamependwa sana," alisema Bosi. "Ni marekebisho madogo tu. Jumamosi asubuhi mjaribu anakuja kulicheza jimbo, nataka liwe tayari." Akaenda zake kumwagilia ua lake la plastiki, ambalo hakuna mtu aliyekuwa na moyo wa kumweleza habari zake.

Nyumbani jioni ile Mama Pacha aliyamwaga yote mbele ya mumewe, aliyekuwa amepiga magoti nyuma ya friji la jirani akilitafutia ugonjwa. Baba Pacha alisikiliza mpaka mwisho. Kisha akasema, bila kutoa kichwa:

"Yule ni dada yangu. Wewe ni mke wangu. Mafahali wawili wakipigana, mimi ndiye nyasi. Na nyasi haiitwi kutoa ushahidi."

"Sijakuita ushahidi. Nimekwambia tu."

"Mwanzo huwa ni kuambiwa tu."

Mama Pacha hajamaliza kumkodolea macho, simu ikalia. Alikuwa mama mkwe.

"Mwanangu, huo mto umehama na watu wangapi?"

"Mama, ni mto wa kwenye kompyuta. Wa mchezo."

"Nimewaombea siku tatu," alisema mama mkwe.

"Asante, mama."

"Na mbona wewe hukujibu kwenye kundi? Wote wamejibu. Hata shangazi yenu, na macho yale, amejibu."

"Mtandao, mama."

"Mtandao," alirudia mama mkwe, kama mtu aliyeonja mchuzi akaamua kunyamaza. Nyuma ya friji, Baba Pacha alikohoa kikohozi kisichokuwa cha mafua.

Jumanne Mama Pacha alikaa mbele ya skrini kuwaua Wavukaji. Alifuta salamu. Alifuta ndoa za ng'ambo. Alipofika kwenye daraja mkono ukakataa. Aliandika, "Watu wa Bonde ni wapiganaji hodari," akaifuta sentensi. Akaiandika tena, akaifuta tena. Aliuangalia mgongo wa wifi yake pale dirishani, umenyooka, umetulia, unapanda miti, na damu ikamchemka.

Vema, alijiambia. Kama mto umeondoka bila kuniaga, basi na wao umeondoka bila kuwaaga. Watakaa hapohapo.

Hakuandika kwa ufundi, aliandika kwa hasira, na hasira ina mwendo wake. Mpaka saa saba Wavukaji walikuwa na habari mpya. Mto wao ulihama miaka arobaini iliyopita, na wao hawakukubali. Wanaulizana bado, "Umevuka?" Watoto hufundishwa kuogelea kwa kulala kifudifudi mchangani na kupiga mikono. Nyavu hushonwa kila mwaka, hazishiki kitu, huanikwa. Mitumbwi hupakwa lami. Mgeni akisema "lakini hapa hakuna mto," anapewa kiti na kuangaliwa kwa huruma. Na wagombanao husimama kwenye daraja lilelile, juu ya ukavu, wakisubiri mioyo yao ishuke.

Aliiweka kazi yake kwenye faili la pamoja, akaenda kula, na kwa mara ya kwanza tangu Jumatatu chakula kikapita kooni.

Jumatano alikuta karatasi mezani. Mwandiko wa Milima ulikuwa mdogo na wa herufi zilizonyooka, kama wa mtu anayejaza fomu.

*Mto ukihama hauachi nyasi. Unaacha mawe ya duara na mchanga, na miti mistari miwili pale kingo zilipokuwa. Na maji hayaishi, hubaki chini. Wangechimba visima mle mle kwenye mkondo. Umesahau visima.*

Mama Pacha aliisoma mara mbili, akaikunja, akaifungua. Lililomuudhi zaidi ya yote ni kwamba ilikuwa kweli. Watu wake walikuwa wamekaa miaka arobaini bila maji ya kunywa.

Aliandika nyuma ya karatasi, *Visima vinne. Weka*, akaipeleka kwenye meza ya dirishani, akaiacha na kurudi bila kusema. Karatasi ikarudi: *Mto ulihama kwa nini? Mto hauamki tu ukaondoka.* Ikaenda: *Wewe ndiye uliyeuhamisha, wewe ndiye unayejua.* Ikarudi baada ya nusu saa: *Mlima uliporomoka upande mmoja, ukaziba. Nitauchonga jeraha.* Fundi wa sauti, ambaye karatasi zote zilipita mbele ya pua yake, alivua hedifoni akauliza kama wangependa awe anazisoma kwa sauti. Wote wawili walimtazama. Alizivaa tena.

Alhamisi karatasi hazikutosha.

"Daraja hili haliwezi kuwa zima," alisema Milima, amesimama nyuma ya kiti cha Mama Pacha. "Miaka arobaini, mawe yaliyochongwa vizuri, hakuna mto. Watu wangeyaiba."

"Wavukaji hawaibi mawe ya daraja. Daraja ndiyo heshima yao."

"Wifi, watu wote huiba mawe."

"Hawa hawaibi."

"Mama aliwahi kuchukua tofali la shule."

"Mama yupi?"

"Mama yetu. Limeshika mlango wa jikoni mpaka leo. Huwa unaliruka."

Mama Pacha alilifahamu tofali hilo. Alikuwa amejikwaa nalo siku aliyopelekwa kutambulishwa ukweni. Alitaka kubaki na hasira yake na hasira ikamteleza kidogo, kama sabuni.

"Sawa," alisema. "Ukuta wa upande mmoja umeondoka. Na kila nyumba iliyo karibu ina jiwe moja la daraja mlangoni. Na mtu akiulizwa, anasema babu yake aliliokota."

"Hilo nitaliamini," alisema Milima, akarudi dirishani. Mpaka Ijumaa jioni walikuwa wamesemezana mara kumi na tisa, zote kuhusu mawe, mchanga na miti, wala si neno moja kuhusu kundi la familia.

Jumamosi mjaribu alikuja. Alikuwa nesi wa makamo, mteja wa duka la miwani lililokuwa chini, ambaye Bosi alimpenda kwa sababu hakuwa mtaalamu wa michezo na alisema alichokiona. Alikaa, akabadilisha miwani, akashika kipanya. Bosi alisimama nyuma yake. Mama Pacha na wifi yake wakasimama kila mmoja upande wake, kama walinzi wasiofahamiana.

Mchezo ulifunguka. Mlima ulitokea mkubwa na jeraha lake ubavuni, ukungu umeufunika kichwa.

"Mlima," alisema nesi, akaupa kisogo.

Bosi alikohoa. Nesi alifuata mawe ya duara, akapita visima, akawakuta watoto wamelala kifudifudi wanaogelea mchangani. Akasimama kuwatazama. Akafika darajani, akaliona limebomoka ukuta wa upande mmoja, na kama mtu yeyote mwenye akili timamu akateremka akapita chini yake, penye ukavu. Alipotokea upande wa pili mzee mmoja wa Kivukaji alimuuliza, "Umevuka?" Nesi akabonyeza "Nimevuka." Mzee akamgeuzia mgongo. Mwanamke wa pili akafanya hivyohivyo. Wa tatu akafunga mlango.

"Nimewakosea nini hawa?" aliuliza nesi.

"Endelea tu kuelekea mlimani," alisema Bosi.

"Siendi popote watu wakiwa wamenuna." Alirudi alikotoka, akapanda daraja, akavuka polepole juu ya nchi kavu, akashuka. Mzee yuleyule akamuuliza, akajibu, na mara hii mzee akasema, "Na sisi tumekuona." Nesi alishusha mabega.

Kisha akawaona wawili waliosimama katikati ya daraja, wanawake, wamepeana migongo. Alirudi kwao. Akangoja. Bosi aliangalia saa, akaangalia mlima, akaangalia saa.

"Wanagombania nini?"

"Sijaandika bado," alisema Mama Pacha.

"Wamesimama muda gani?"

"Mpaka wapatane. Hawali, hawanywi."

Nesi alivua miwani. "Jua kali hivi? Huyu wa kulia ataanguka. Angalia anavyoegemea mguu mmoja. Mmoja wao anajua amekosa na anaona haya kuanza. Mimi ninao wawili kama hao wodini, kila zamu."

Nesi alikaa kwenye daraja lile dakika ishirini na tano, akiwatafutia kivuli ambacho mchezo haukuwa nacho, na alipoondoka kwenda kupanga foleni ya mboga alimwambia Bosi kwamba mlima ni mzuri, haukumsumbua.

Bosi alibaki akiitazama skrini, amefurahi. Alipofurahi ndipo alipokuwa wa hatari.

"Daraja ndilo kitu chenyewe," alisema. "Nataka mchezaji akiingia tu, alione. Kwa hiyo mlima tuusogeze pembeni. Na mto, mlima ukishaondoka, unaweza kurudi. Marekebisho madogo tu."

Mama Pacha alishika tama. Alikuwa hajui kama atacheka au atarusha kiti. Hakupata nafasi ya kujua.

"Mlima hauhami," alisema Milima.

Bosi aligeuka. Milima hakuwa mtu wa kubisha. Alikuwa mtu wa kusema sawa na kupanda miti.

"Mlima ndio ulioziba mto," alisema. "Ukiuondoa, mto haukuhama. Mto usipohama, hawa watu si hawa. Unataka daraja lionekane kwanza, mwingize mchezaji kwa mlango mwingine. Aanzie upande wa kusini. Ni kugeuza namba moja. Hilo ndilo dogo."

Bosi alifikiri. Alimtazama Mama Pacha, naye akatikisa kichwa kukubali, kwa mara ya kwanza wiki ile akiafikiana na mtu.

"Kusini," alisema Bosi hatimaye. "Ndivyo nilivyotaka kusema." Akaenda kumwagilia ua lake.

Walishuka ngazi pamoja kwa kuwa ngazi ilikuwa moja. Walipofika kwenye kituo cha katikati Mama Pacha alisimama. Jambo la kundi lilikuwa limemkaa kooni siku sita, na sasa alikuwa amechoka hata kulimeza.

"Wifi, sikuuona ujumbe wako. Kundi nimelinyamazisha. Mwaka sasa. Ukimwambia mama, mwambie, nimechoka."

Milima alikuwa akifungua na kufunga zipu ya mkoba wake.

"Nilijua," alisema.

"Ulijua nini?"

"Kwamba umelinyamazisha. Siku ya kuzaliwa ya mapacha ulinipa simu nipige picha, nikaona." Zipu ikafunguka, ikafungwa. "Ndiyo maana niliandika kule. Bosi aliponiambia Ijumaa nilikupigia nusu nikakata. Wiki tatu zako, wifi. Ningekwambiaje? Nikasema, nikiandika kule nitakuwa nimekwambia, na wewe hutakuwa umeambiwa."

Mama Pacha alimwangalia. Alikuwa ameandaa moyo wake kuomba radhi, na sasa radhi ile haikuwa na pa kwenda. Alikumbuka ile "kumbe" yake ya kipumbavu mbele ya meza ile Jumatatu, uongo wa mtandao kwa mama mkwe, na mumewe akikohoa nyuma ya friji.

"Siku sita," alisema. "Siku sita nimetembea kama mwizi, na wewe unajua."

"Najua."

"Usiseme najua. Nakasirika zaidi ukisema najua."

Duka la miwani lilikuwa likifunga, na mwenye duka aliteremsha pazia la chuma kwa kelele iliyowapa wote wawili muda.

"Sijakusamehe," alisema Mama Pacha kelele zilipoisha. "Nitakusamehe, najijua, lakini leo bado. Na tangu sasa ukigusa hata kichuguu changu, unakuja kwangu na miguu yako miwili. Hakuna kundi, hakuna karatasi. Unakuja, unasimama, unaniambia usoni. Nikipiga kelele, nitapiga."

"Utapiga."

"Nitapiga sana."

Waliachana chini, mlangoni. Jumapili nzima Mama Pacha alikuwa mkali kwa kila chombo cha jikoni, na Baba Pacha, kama nyasi yenye busara, alipeleka friji la jirani kwa jirani mapema kuliko alivyoahidi.

Jumatatu aliingia ofisini, akaweka mkoba chini, na hakuwahi kuwasha kompyuta. Milima alikuwa amesimama karibu na kiti chake, mikono imeshikana mbele kama mwanafunzi aliyeitwa, uso umempauka. Kwa namna alivyosimama ilionekana amekuwa pale kwa muda. Fundi wa sauti alikuwa tayari na hedifoni.

"Wifi," alisema, "ni jimbo la nane. Kisiwa."

Mama Pacha alifumba macho. Kisiwa kilikuwa na ukoo mmoja, misiba miwili na nyimbo za kuvuta kamba ambazo alikuwa amekwisha kuziandika kando ya kazi ya Bonde.

"Kimefanya nini kisiwa?"

"Bosi anasema kiwe na barabara ya kwenda bara."

Alikaa. Aliuvuta mkoba, akatoa kalamu, akatoa daftari, akavipanga mezani kimoja kimoja ili mikono iwe na kazi. Kisha akakisukuma kwa mguu kigoda cha kupandia kabati kilichokuwa chini ya meza, mpaka kikamfikia wifi yake.

"Kaa," alisema. "Anza mwanzo. Na mimi nianze kupiga kelele saa ngapi, uniambie."